Sura ya Tano: Masikio ya Tunguu

Jumapili ya Juni 22, 2025, baada ya sala ya alasiri, baraza iliyo karibu na msikiti hapa Bwejuu ilijaa watu kama siku ya fainali. Usiku wa kuamkia siku ile ndege za Marekani zilikuwa zimeshusha mabomu juu ya mitambo ya nyuklia ya Iran, huko Fordow, Natanz na Isfahan. Simu zilipita mkono kwa mkono, kila mtu akitaka kuziona picha zilezile. Ami yangu alikaa pembeni, akasubiri kelele zipungue, kisha akasema neno ambalo wengi waliliitikia: "Nyoka hasemezwi. Nyoka hupigwa kichwa kabla hajauma."

Ami si mtu wa kuropoka. Binti yake ameolewa Maskati, na kati ya Maskati na pwani ya Iran hapana kitu ila maji. Tangu Ijumaa ya Juni 13, Israel ilipoanza kuipiga Iran, alikuwa analala na simu chini ya mto. Kwake yeye bomu la Iran halikuwa habari ya gazetini. Lilikuwa jambo linaloweza kumfika mwanawe na wajukuu zake jikoni mwao.

Sikumjibu. Mtu mzima hajibiwi mbele za watu wakati roho yake iko kwa mwanawe, na zaidi ya hilo, jibu nililokuwa nalo halikuwa la baraza moja. Nimeliandika hapa. Ami, ukilisoma ujue limetoka kwa mtoto wako anayekuheshimu, na kwamba nimeanza kwa kukubali mengi uliyoyasema.

Hoja ya Ami ndiyo hoja ya watu wenye msimamo mkali katika miji mikubwa ya dunia, nao si wajinga. Wanasema silaha nyingine zote zinampa mtu nafasi ya kukosea na kujifunza, lakini hii haimpi. Wanasema mazungumzo ni muda, na muda ndio kitu anachokihitaji zaidi mtu anayejenga bomu kwa siri. Wanasema serikali inayowadanganya raia wake haiwezi kumwambia kweli mgeni. Wana mifano mkononi. Kiwanda cha Fordow kilichimbwa ndani ya mlima karibu na mji wa Qom bila kutangazwa, mpaka mataifa ya Magharibi yalipokifichua Septemba 2009. Korea Kaskazini ilitia saini makubaliano na Marekani mwaka 1994, na Oktoba 9, 2006 ikalipua bomu lake la kwanza. Mtu akikuonyesha tarehe hizo mbili, huna haki ya kumwambia kwamba anaogopa kivuli.

Lakini sisi watu wa Unguja tuna jambo ambalo wengi hawana. Wakati mmoja nyoka tulikuwa sisi.

Ukitoka Bwejuu kwenda mjini kwa gari namba 324, unaipita Paje, unaingia Jozani ambako dereva hupunguza mwendo kwa ajili ya kima punju, kisha miti inaachana na unafika Tunguu. Siku hizi abiria wengi wanaoshuka pale ni wanafunzi wa chuo kikuu, wenye mabegi mgongoni. Miaka ya mwanzo ya 1960 palikuwa na kituo cha Wamarekani. Kilikuwa sehemu ya Mradi wa Mercury, mpango wa kumpeleka mtu angani, na kazi yake ilikuwa kusikiliza. Chombo kikizunguka dunia hakiwezi kuzungumza na Florida muda wote, kwa hiyo Marekani ilipanga vituo kuizunguka dunia, kimoja Kano katika Nigeria, kingine hapa kwetu, vingine melini na visiwani. Februari 20, 1962 John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, Unguja ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoisikia sauti yake ikishuka kutoka juu.

Watu wa hapa hawakukiamini kile kituo. Ilienea habari kwamba ni kituo cha makombora, kwamba siku vita vikizuka baina ya wakubwa, bomu la kwanza litaangukia shamba letu la mihogo. Palikuwa na maandamano na makelele ya kisiasa juu yake kabla hata uhuru haujaja. Hofu ya silaha za nyuklia katika kisiwa hiki ilianza hivyo, kwa antena zilizodhaniwa kuwa ni mizinga. Nalitaja hili mapema ili isidhaniwe kwamba kukosea kusikia ni ugonjwa wa Wazungu peke yao.

Kisha ukaja usiku wa Januari 12, 1964. Uhuru ulikuwa na mwezi mmoja na siku mbili. Mapinduzi yakaiangusha serikali ndani ya saa chache, na hao waliokuwa na vyombo vya kumsikia mtu mmoja akihema juu ya Bahari ya Hindi hawakuwa wamesikia yaliyokuwa yakisemwa mitaa ya Ng'ambo, umbali wa mwendo mfupi kwa miguu kutoka ofisi za mabalozi wao. Januari 13 manowari ya Marekani, Manley, iliwachukua raia wake. Januari 16 kaimu balozi wa Marekani, Frederick Picard, alitolewa nchini chini ya mtutu wa bunduki.

Sitayapamba yaliyotokea siku zile. Watu waliuawa kwa maelfu, wengi wao Waarabu, na familia zilizonusurika zilitawanyika. Nyingi hatimaye zilifika Oman, hasa baada ya mwaka 1970 Sultani Qaboos aliposhika madaraka, na ndiyo sababu leo unaweza kununua samaki Maskati kwa Kiswahili. Ndiyo sababu pia binti wa Ami akapata mchumba kule. Redioni John Okello, aliyejiita kiongozi wa Mapinduzi, alikuwa akitoa vitisho ambavyo mpaka leo wazee wetu hawapendi kuvirudia. Aliyesikiliza kutoka nje alikuwa na kila sababu ya kutishika.

Hata hivyo, kilichoitia hofu Washington hakikuwa maiti. Kilikuwa jina Kuba. Miezi 15 tu kabla ya Mapinduzi, Oktoba 1962, dunia ilikuwa imefika ukingoni kwa sababu ya makombora ya nyuklia ya Kisovieti yaliyowekwa katika kisiwa kilicho karibu na Florida. Sasa kikatokea kisiwa kingine, na ndani yake wamo watu waliokwenda Peking na Moscow. Abdulrahman Babu alijulikana kwa urafiki wake na China. Kassim Hanga alikuwa amesoma Moscow. Ujerumani Mashariki ikafungua ubalozi mjini Unguja, wa kwanza kwake katika Afrika. Hesabu ikafanywa haraka haraka: kisiwa, wakomunisti, bahari, basi ni Kuba. Katika karatasi za wakubwa tukageuka kuwa Kuba ya Afrika, na neno hilo likaanza kufikiri kwa niaba yao.

Marekani na Uingereza zilikaa zaidi ya mwezi bila kuitambua serikali mpya, mpaka Februari 23. Wakati huo China, Urusi na Wajerumani wa Mashariki walikuwa wamekwisha kaa vitini, wanaongea na Rais mpya, Karume, kila siku. Waliokuwa na hofu kubwa zaidi ndio waliojitoa chumbani. Hili ndilo linaloniuma ninaposoma habari za siku zile: kunyima utambuzi kulikusudiwa kuwa adhabu kwetu, lakini aliyekosa alikuwa mwenye kunyima. Hakujua Karume anamsikiliza nani, Babu ana nguvu kiasi gani, Okello anapendwa au anaogopwa. Machi Okello alizuiwa kurudi Unguja na wenzake wenyewe, na mtu aliyekuwa na rafiki mmoja tu pale Kisiwandui, kwenye makao ya chama chao, angeliona jambo hilo linakuja.

Nyuma ya pazia maofisa wa Kiingereza walikuwa wanaandaa uvamizi. Mipango ilipewa majina, mmoja baada ya mwingine: Parthenon, Boris, Finery, Shed. Parthenon ulihesabu manowari za kubebea ndege. Karatasi hizo zimo katika nyaraka za Uingereza na yeyote anaweza kuzisoma. Mimi nilipozisoma habari zake nilifikiria pwani yetu. Majeshi yakishuka kisiwani, watu wa mjini hukimbilia shamba, na shamba maana yake ni Tunguu, Jozani, Paje na Bwejuu. Bibi yangu angewapokea na angewapikia nini?

Hawakushuka. Aprili 22 Nyerere na Karume walitia saini Hati za Muungano, na Aprili 26 nchi mbili zikawa moja. Wapo wanaosema mkono wa nje ulisukuma, wapo wanaokataa kabisa, na ubishi huo hautakwisha katika sura hii. Ninachoweza kusema bila wasiwasi ni kwamba watu wawili waliofahamiana walikaa, wakazungumza, na wasiwasi uliokuwa ukiandaliwa manowari ukapungua bila askari wa kigeni kukanyaga mchanga. Mwezi huohuo Karume aliwataka Wamarekani wakiondoe kituo cha Tunguu, nacho kikaondoka.

Makombora hayakuja. Walikuja madaktari wa Kichina, ambao hawajaacha kuja Unguja na Pemba tangu mwaka huo. Walikuja mafundi wa Kijerumani. Walikuja pia wakufunzi wa jeshi na wa usalama, na miaka iliyofuata ilikuwa ya jela, ya watu kuchukuliwa usiku, ya watu kunong'ona ndani ya nyumba zao wenyewe. Wenye msimamo mkali hawakukosea kusema kwamba utawala ule ulikuwa na mkono mzito. Walikosea walipouhamisha mkono huo kutoka shingoni mwa raia wake na kuudhania umeelekezwa New York. Hayo ni mambo mawili, na katika kila ugomvi wa nyuklia niliousoma tangu wakati ule yanachanganywa vilevile. Serikali inaweza kuwa mbaya mno kwa watu wake na bado ikawa na hesabu zake za kuishi, inataka kuamka kesho kama wewe.

Katika miezi hiyo ya 1964 alifika hapa balozi mdogo wa Marekani, kijana anayeitwa Frank Carlucci. Kabla ya hapo alipata kufanya kazi Kongo, ambako alichomwa kisu katika vurugu za barabarani. Alijifunza Kiswahili na akawa anamwendea Karume mwenyewe. Katika mji uliojaa washauri wa kila rangi, mtu anayeweza kumwamkia Rais kwa lugha yake na kuielewa hasira yake bila mkalimani alikuwa na thamani kuliko antena zote za Tunguu.

Na bado tulimfukuza. Januari 1965, Mapinduzi yakikaribia kutimiza mwaka, Carlucci alitaka Washington itume salamu za pongezi. Akazungumza kwa simu na Robert Gordon, ofisa wa ubalozi wao Dar es Salaam, juu ya namna ya kuwashawishi wakubwa. Katika mazungumzo hayo likatumika neno la Kiingereza lenye maana ya risasi, kama Waingereza na Wamarekani wanavyolitumia wakikusudia hoja za kushindia mjadala: tunahitaji risasi zaidi. Simu ilikuwa inasikilizwa. Waliosikiliza walisikia risasi, wakasikia tarehe ya sherehe, wakaunganisha. Nyerere aliambiwa kuna njama, na Carlucci na Gordon wote wawili wakaamriwa kuondoka. Marekani ikajibu kwa kumfukuza ofisa wa ubalozi wa Tanzania.

Watu waliokuwa wanapanga kututumia salamu za heri walifukuzwa kwa kosa la kupanga kutupindua. Nasi tulikuwa na sababu zetu. Kongo ilikuwa inawaka, ndege za Kimarekani zilikuwa zimeshusha askari wa Kibelgiji Stanleyville miezi miwili kabla, na Lumumba alikuwa amekwisha uawa. Hofu yetu ilikuwa na mizizi, kama ya Washington juu ya Kuba. Mtu mwenye hofu ya kweli husikia neno moja na kujaza mwenyewe yaliyobaki.

Nimemfuatilia Carlucci miaka mingi kwa sababu hadithi yake haikuishia uwanja wa ndege wa Kisauni. Mwaka 1975 alikuwa balozi Ureno, wakati Henry Kissinger alipoamini kwamba nchi hiyo imekwisha potelea kwa wakomunisti na haifai tena kusemezwa. Carlucci alibishana na mkubwa wake, akasema kina Mário Soares wasaidiwe, na Ureno haikupotea. Mwaka 1987 alikuwa mshauri wa usalama wa Rais Reagan, kisha Novemba hiyo akawa Waziri wa Ulinzi. Desemba 8, 1987 Reagan na Gorbachev walitia saini mkataba wa kuteketeza makombora ya masafa ya kati, na kufikia mwaka 1991 makombora 2,692 yalikuwa yameharibiwa, kila upande ukikagua uharibifu wa mwenzake. Agosti 1988 Carlucci alikwenda Urusi na akaingizwa ndani ya ndege mpya ya kubebea mabomu ambayo wapelelezi wake walikuwa wakiitazama kwa picha za angani tu.

Huyo hakuwa mtu laini. Alipata kuwa naibu mkurugenzi wa CIA, na hakuwahi kupendekeza Marekani iweke silaha chini. Namtaja kwa sababu anabomoa mgawanyo tuliozoea, wa wakali upande mmoja na wapole upande wa pili. Mtu mkali anaweza kukaa na adui ili amjue. Mimi naona huo ndio ukali wenye maana, na ule mwingine wa kukataa kukaa ni uvivu uliovaa magwanda.

Rudi tena mwaka 1964, kwa sababu kuna jambo la pili lililokuwa linapikwa wakati manowari zinazungumziwa huku. China ilikuwa karibu kulipua bomu lake la kwanza. Yote yanayosemwa leo juu ya Iran yalisemwa juu ya China ya Mao: hawa si watu wa kawaida, hawajali vifo vya raia wao, wakipata bomu watalitumia au watawatisha nalo Asia na Afrika nzima. Serikali ya Kennedy ilikuwa imewagusia Warusi wazo la kuizuia pamoja, na Warusi hawakuitikia. Septemba 15, 1964 washauri wakuu wa Johnson walikaa wakajadili kama waipige mitambo ya China kabla haijakamilika. Waliamua kutopiga kwa wakati huo. Oktoba 16 China ikalipua bomu katika jangwa la Lop Nur, na siku hiyohiyo ikatangaza kwamba haitakuwa ya kwanza kulitumia.

Fikiria wangepiga. Nyoka wangemkosa kichwa au wasimkose, na vita vya Vietnam vilikuwa vinaanza kupamba moto mlango wa pili.

Haikupita miaka minane, Februari 1972, Nixon akawa anapeana mkono na Mao. Ni Mao yuleyule, chama kilekile, na bomu wanalo, tena kubwa zaidi. Kati ya hapo na hapo alikuwepo mtoto wa visiwa hivi. Salim Ahmed Salim alikuwa balozi wetu Misri akiwa na umri wa miaka 22, baadaye India na China, na mwaka 1970 akapelekwa Umoja wa Mataifa. Oktoba 25, 1971 serikali ya Peking ilipopigiwa kura ya kuingia, 76 kwa 35, Salim na wenzake wa Afrika walishangilia ukumbini bila kujificha. Balozi wa Marekani siku hiyo alikuwa George H. W. Bush. Miaka kumi baadaye, 1981, Salim alipogombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, Marekani ilimzuia kwa kura ya turufu duru baada ya duru, huku China ikimzuia Kurt Waldheim vilevile, mpaka wote wawili wakakaa pembeni na akapatikana Javier Pérez de Cuéllar. Wengi wanaamini ile furaha ya 1971 haikusahauliwa. Kosa la Salim lilikuwa kushangilia jambo ambalo Nixon mwenyewe alikuwa njiani kulifanya, na ninasema hivyo kwa uchungu, kwa sababu dunia ilikosa mtu.

Afrika haikumkosa. Aliongoza Umoja wa Nchi Huru za Afrika kama Katibu Mkuu tangu 1989 hadi 2001, na katika miaka hiyo bara letu lilifanya jambo ambalo halijapewa sifa yake. Machi 24, 1993 Rais de Klerk alitangaza kwamba Afrika Kusini ya ubaguzi ilikuwa imeunda mabomu sita ya nyuklia na imeyavunja yote. Utawala ule ulikuwa adui wetu. Ulipiga miji ya jirani zake, uliua wapigania uhuru ambao Tanzania iliwahifadhi. Kama kuna watu waliokuwa na haki ya kuomba mabomu yashushwe Pelindaba, kituo chao cha nyuklia karibu na Pretoria, ni sisi. Yakavunjwa bila bomu hata moja kuangushwa, baada ya vikwazo, shinikizo, vita vya mipakani vilivyowachosha, na mazungumzo. Mkataba wa kuifanya Afrika eneo lisilo na silaha za nyuklia ulitiwa saini Cairo Aprili 11, 1996 ukapewa jina la Pelindaba.

Sasa nirudi kwa Korea Kaskazini, kwa sababu Ami atanikumbusha. Ni kweli walitia saini wakavunja. Walikuwa wanarutubisha urani kwa siri huku wamekubali kusimamisha kazi ya plutoniamu. Lakini tazama miaka. Kuanzia 1994 hadi mwisho wa 2002 wakaguzi wa kimataifa walikuwa wanakaa Yongbyon, na plutoniamu iliyokuwepo pale ilikuwa chini ya macho yao. Makubaliano yalipovunjika wakaguzi walifukuzwa, na bomu likalipuliwa miaka minne baadaye. Wenye msimamo mkali huitaja tarehe ya mwisho na kuiruka miaka minane ya kati. Mazungumzo hayakuibadili roho ya watawala wa Pyongyang, wala mimi siwaombei sifa hiyo. Yaliweka watu wenye macho ndani ya jengo.

Na kwa Iran hadithi ilianzia palepale alipo binti wa Ami. Mwaka 2012 na 2013 maofisa wa Marekani, William Burns na Jake Sullivan miongoni mwao, walikutana na Wairani kwa siri Oman, Sultani Qaboos akiwa mwenyeji. Mji ule wenye watu wa asili yetu wengi ukawa ukumbi wa watu waliokuwa hawasemezani tangu 1979. Kutoka hapo ukazaliwa mkataba wa Julai 14, 2015. Iran ilikubali isirutubishe urani kupita asilimia 3.67, wakati bomu linahitaji kama asilimia 90, na isiweke akiba ya zaidi ya kilo 300. Urani iliyozidi ilipakiwa melini ikapelekwa Urusi. Wakaguzi wakawa wanaingia. Mkataba ulikuwa na mapungufu, baadhi ya masharti yalikuwa na ukomo wa miaka, na haukugusa makombora wala makundi ambayo Iran inayasaidia. Hata hivyo kilo zilihesabika.

Mei 8, 2018 Rais Trump aliitoa Marekani katika mkataba huo, akisema haufai na kwamba shinikizo litaleta ulio bora. Haukuja. Aprili 2021 Iran ikaanza kurutubisha hadi asilimia 60. Mwaka 2025 mazungumzo yalianza tena, na yalianzia Maskati, Aprili 12. Duru ya sita ilipangwa kufanyika hapohapo Jumapili ya Juni 15. Mabomu yalianza Ijumaa ya Juni 13.

Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilikadiria kwamba siku ile Iran ilikuwa na kiasi cha kilo 440 za urani iliyorutubishwa hadi asilimia 60. Baada ya mashambulizi Iran ilisimamisha ushirikiano na shirika hilo, na wakaguzi hawakuweza tena kuifikia akiba hiyo na kuihesabu. Ami, hapo ndipo ninapokuomba ukae nami kidogo. Kabla ya nyoka kupigwa, tulikuwa tunajua amelala wapi na ana urefu gani. Alipopigwa aliingia shimoni akiwa hai. Hofu uliyokuwa nayo kwa ajili ya binti yako ilikuwa ya haki, lakini kilichofanywa kwa jina la hofu hiyo kiliwaondoa watu waliokuwa wanalinda mlango.

Kwa hiyo nina ombi, na silielekezi Washington wala Tehran, ambako sauti ya Bwejuu haifiki. Nalielekeza kwa chuo cha diplomasia pale Kurasini, ambacho sasa kinabeba jina la Dkt. Salim, na kwa vijana wanaoshuka Tunguu kila asubuhi. Wageni wamekuja hapa miaka mingi kujifunza Kiswahili chetu, na Carlucci alionyesha faida yake. Sisi tumejifunza lugha za wale tunaowapenda na wale wanaotulipa. Somesheni pia Kiajemi. Somesheni Kikorea na Kirusi. Serikali itakapohitaji mtu wa kusikiliza simu, awepo anayejua risasi gani ni hoja na risasi gani ni risasi.